Bafle Zimepanda, Mimi Natembea

Chekeni tu. Najua mnacheka. Juzi nilipita sokoni Kasongo, mama mmoja muuza mikate akamgusa mwenzake begani, "Njo huyu mwenye bafle," yaani ndiye huyu. Sikugeuka. Nilikaza mwendo nikarudi nilikofikia bila mkate niliokuwa nimetumwa.

Kwa aliyechelewa kuanza: naitwa Bienvenu. Kwa Kifaransa jina hilo ni karibu, lakini tangu nianze kumposa Laura sijakaribishwa popote. Mimi ni mchimbaji wa dhahabu kule Salamabila. Laura ni binti wa Kasongo, amelelewa na mjomba wake Papa Emile, mwalimu mstaafu wa kuimba katika shule ya misheni, na mjomba huyo ndiye anayepokea mahari. Mbuzi nilipeleka, akapokea. Vitenge nilipeleka, wakapokea. Kikabaki kitu kimoja tu alichokitaka mjomba kwa moyo wake wote: bafle mbili, yaani spika, za kusikilizia muziki.

Wiki iliyopita niliwasimulia aibu ya bafle za kwanza, zile kubwa zenye taa za rangi. Zilimaliza batri ya mzee kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio. Taa zikazima, sebule ikanyamaza, kuku akaingia akapita katikati yetu. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimezituma kwa mwenye baiskeli, mimi nikaja nyuma mikono mitupu.

Papa Emile alinisubiri watu wapungue, akaniita.

"Bienvenu, sikia muzuri. Mi niko na pano moja ya jua juu ya nyumba na batri moja chini ya kiti. Sina moteur ya kutoa umeme. Leta bafle yenye kula kidogo na kusema mingi. Na isijaze salon yangu, watu watakaa wapi?"

"Basi nilete zile ndogo za meza, Papa."

"Meza iko ya chakula! Sauti ya mutu inatoka kwa mutu mwenye kusimama. Mi nilifundisha watoto kuimba, hakuna siku niliwakalisha. Bafle pia isimame chini, kwa miguu yake."

"Ndiyo, Papa."

"Na ingine. Kwa ukoo wetu kitu cha mahari hakitumwi. Mukwe anakipitisha mu mulango kwa mikono yake mwenyewe. Sisi tunaangalia mukono. Mara ya kwanza nimekusamehe kwani ulikuwa hujui. Sasa unajua."

"Najua, Papa."

"Jumapili hii ukoo wote utakuwa hapa. Ukikosa Jumapili hii, nitakurudishia mbuzi zako."

Kurudishiwa mbuzi! Jamani, mbuzi aliyerudishwa na wakwe haliwi, hauzwi, hata mwizi hamtaki. Anazunguka nyumbani kwako akilia, na kila apitaye njia anajua kwa nini. Nilifunga zile bafle zangu za taa nikarudi nazo Salamabila kwa hasira.

Aliyenibeba kwa pikipiki ni Gédéon, motard wangu wa siku zote, kijana mpole asiyejua kupandisha sauti, aniitaye Ya, yaani kaka. Ndiye aliyempeleka Laura Kasongo alipotoka kumtembelea dada yake Salamabila. Safari nzima ile niliilipa mimi. Kumbukeni hilo.

* * *

Salamabila kila mtu ni mtaalamu wa bafle. Nilipowauliza wachimbaji wenzangu, mmoja akasema chukua yenye watt nyingi. Mwingine akasema watt ni uongo, angalia ukubwa wa mdomo, lile duara la kutoa sauti. Wa tatu akasema mjomba mwenyewe ni wa kubadilisha. Huyo wa tatu nilikaribia kumsikiliza.

Mwisho nikaingia kwa Mama Aziza, mfanyabiashara wa vyombo vilivyotumika. Bohari yake imejaa vitu vya wageni waliofanya kazi kule na kurudi makwao.

"Mama Aziza, nipe bafle mbili za kusimama. Ndogo. Za kula kidogo. Na mufuko wangu unaujua."

"Za kusimama, ndogo, za kula kidogo, bei kidogo." Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Na utapenda zikupikie bugali?"

Gédéon tayari alikuwa amesimama mbele ya bafle mbili zilizomzidi kimo.

"Ya Bienvenu, kamata hizi zenye midomo mine. Angalia, watt elfu moja!"

"Ile elfu moja si sauti," akasema Mama Aziza. "Ile inakuonyesha bafle inaweza kuvumilia kula kiasi gani. Haikuambii inaimba namna gani. Geuza nyuma. Iko namba ingine, ya decibel. Ile njo inakuambia ukiipa kidogo itakurudishia kiasi gani. Yenye tisini na kitu, nunua. Yenye themanini na kitu, uwe na moteur na mafuta."

"Na yenye haina namba?"

"Sikiliza na masikio yako. Ni ya bure."

Nikamwomba Gédéon afungue batri ya pikipiki yake, tuijaribu kila bafle kwa umeme mdogo kama ule wa Papa Emile. Mama Aziza akatoa ampli ndogo ya kukuza sauti, isiyozidi kitabu cha nyimbo. Nikachomeka simu yangu nikaweka wimbo wa mwanamke, kwani mjomba yule hasikilizi ngoma, anasikiliza koo la mtu.

Zile za midomo minne zilikohoa mara moja zikazima.

Za pili zilikuwa nyembamba, mbao zinang'aa, nzuri kiasi kwamba nilishaanza kuwaza Mama Mado, dada yake mjomba, atakavyozisifu. Lakini sauti ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Ampli ikawa moto na yule mwanamke bado yuko guniani.

"Hizi zina njaa," Gédéon akasema.

"Nimeona! Sina macho?"

Samahani kwa kumfokea, lakini jua lilikuwa linapanda na Jumapili ilikuwa inakuja.

Nikauliza kama hakuna nyingine. Mama Aziza akasema hakuna. Nikageuka kutoka, ndipo nikaona gunia lake la mchele limewekwa juu ya kitu chenye kitambaa cheusi. Nikalisukuma. Chini yake palikuwa na bafle inayonifika nyongani, upana wake haupiti kiti cha shule. Ya pili ilikuwa nyuma yake. Kitambaa kimechanika, na mguu mmoja hauko.

"Hizo haziuzwi, zinashika muchele wangu," akasema.

"Zinaimba?"

"Nani anaimbisha kiti?"

Tukazichomeka. Niligusa tu kile kifungo cha sauti, sikukizungusha hata robo, bohari nzima ikajaa. Watu waliokuwa wanapita njiani wakasimama mlangoni. Sikusikia kelele, nilisikia mtu. Nilimsikia yule mwanamke akivuta pumzi kabla ya kila ubeti. Wimbo ule nilikuwa nao kwenye simu tangu zamani, na pumzi zile sikuwahi kuzisikia.

Nikageuza nyuma: tisini na mbili. Tundu la pumzi la bafle lenyewe liko mbele, kwa hiyo unaweza kuiegemeza karibu na ukuta na sebule ikabaki na nafasi ya viti. Nusura nilie.

"Hizi Laura atazipenda," Gédéon akasema. "Yeye bass ya kupigapiga inamuumiza kichwa."

"Umejulia wapi?"

"Aliniambia mu njia."

"Mbona mimi hajaniambia?"

Gédéon akainama kuifunga batri yake.

"Labda hukumuuliza," akasema.

Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Lakini nilikuwa na bafle mbele yangu, nikayaacha yapite.

Mama Aziza, alipoona uso wangu, papo hapo zile bafle zisizouzwa zikaanza kuuzwa, tena ghali. Nikampa zile za taa. Akasema hazitoshi. Nikampa akiba yangu yote ya shimoni. Akasema inakaribia.

"Nyumbani uko na nini?"

"Niko na godoro. Mupya. Bado iko ndani ya plastiki."

Gédéon akashtuka. "Ile ya arusi?"

"Ile ile."

"Utalala na bafle?"

"Bila bafle hakuna arusi, na bila arusi godoro la nini? Nenda ulilete!"

Akaenda. Akiwa bado hajarudi, simu yangu ikalia. Laura.

"Bienvenu? Niko na neno."

"Mupenzi, nimezipata! Ziko na tundu mbele, hazitaki nafasi kwa nyuma! Na kula zinakula kidogo, hata huwezi..."

"Bienvenu, sikia kwanza. Nilikuwa nataka kukuambia..."

"Sikia weye kwanza!"

Nikaiweka simu mbele ya bafle. Wimbo mzima nilimsikilizisha, mpaka mwisho. Nilikuwa natabasamu peke yangu katikati ya bohari ya watu.

"Umesikia?"

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Laura, umesikia?"

"Nimesikia," akasema. Halafu akavuta pumzi, pumzi ndefu, ikasimama kidogo juu, ya mtu anayetaka kuanza jambo. Na mayunité yake, salio lake la simu, yakaisha.

"Mupigie," Gédéon akaniambia kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama na godoro langu kichwani.

"Sina mayunité. Na tutaonana Jumapili. Neno gani haliwezi kungoja Jumapili?"

Hapo ndipo ninapowaungamia, wasomaji wangu. Mayunité yaliuzwa pale pale mlangoni kwa Mama Aziza. Ningeweza kukopa. Sikutaka tu kusikia habari nyingine siku ile, nilitaka kufurahia bafle zangu.

* * *

Kazi ikawa njia.

Bafle tulizisimamisha nyuma ya Gédéon, tukazifunika blanketi, tukazikaza kwa kamba za mpira. Mimi nikakaa nyuma yake kabisa, nusu ya mwili juu ya pikipiki, nusu juu ya jimbo la Maniema. Kwenye mlima wa kwanza pikipiki ikainua gurudumu la mbele juu. Nikaanguka. Kwenye mlima wa pili nikaanguka tena. Bafle hazikuguswa hata kidogo, vilivyoumia ni kiwiko changu na suruali yangu ya ukweni.

Jumapili asubuhi ilitukuta bado njiani, tumekwishapita Lusangi, kwenye daraja la magogo mawili. Gédéon akazima pikipiki.

"Ya Bienvenu, sisi watatu hatupiti daraja hii, na mbele ni milima tupu, pikipiki haituwezi."

"Watatu gani? Tuko wawili."

"Mi, weye na bafle. Tuache bafle moja kwa watu hapa. Nikufikishe na ingine, kisha nirudie hii."

"Bafle hazitenganishwi! Nitaingia ukweni na bafle moja? Watasema nimeleta nusu ya mahari."

"Basi mi nibaki na bafle, weye tafuta motard mwingine."

"Unaona motard mwingine hapa?"

Tukatazama. Hapakuwa na motard mwingine. Palikuwa na magogo mawili na mawingu meusi upande wa Kasongo.

Nani alichagua? Mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

"Peleka bafle. Mi nitatembea mpaka nipate baiskeli. Unisubiri kwa baraza ya duka, pale soko inaanzia. Usiingie kwa Papa Emile. Unasikia, Gédéon? Usiingie!"

"Na mvua ikinyesha?"

"Usiingie!"

"Bafle zikilowa?"

"Zifunike na blanketi! Usiingie!"

Akavuka. Niliziangalia bafle zangu zikipanda kilima ng'ambo, zimekaa wima chini ya blanketi kama mabibi arusi wawili, na mimi nakunja suruali.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na kapu la muhogo aliyaona yote hayo. Tukatembea pamoja kitambo, na nilijua swali linakuja.

"Baba, zile ni bafle?"

"Ni bafle."

"Za nani?"

"Zangu."

"Kumbe! Bafle zimepanda, na mwenye bafle anatembea?"

Akacheka mpaka akatua kapu. Heshima kwa mama wa watu, ila nilichukia kila muhogo uliokuwa ndani ya kapu lile.

Mbele nikampata mtu wa mafuta ya mawese, akanibeba kwenye baiskeli kati ya madumu yake. Mnyororo ukakatika. Tukausukuma mzigo wake pamoja, kwani nilishakula msaada wake. Na mvua ikaanza. Haikuwa ya kujificha chini ya jani la mgomba. Ilikuwa mvua ya kumwagwa.

Nilikimbia. Viatu vya ukweni nikavua nikavishika mkononi. Kichwani nilikuwa na ombi moja tu: Mungu, baraza la duka lile liwe na bati zima.

Bati lilikuwa zima. Lakini chini yake palijaa watu, mbuzi, magunia ya chumvi na baiskeli, na maji yamepita juu ya sakafu. Gédéon hayupo.

"Wandugu, mumeona motard mwenye bafle?"

"Alikuya," mzee mmoja akanijibu. "Alikosa nafasi. Alisimama nje anafunika vitu vyake na mwili yake. Maji ilipofika miguuni kwa vile vitu, na pikipiki inakataa kuwaka, akaviweka kwa mabega akaenda navyo huko juu, kwa mwalimu Emile."

Sikushukuru. Nilikwisha kuondoka.

* * *

Mvua ilikuwa inakatika nilipokaribia. Na hapo, kabla sijaona hata paa la nyumba, nikasikia.

Nisikilizeni, maana hili ndilo linaloniuma zaidi. Zilikuwa zinaimba vizuri. Kwaya ya zamani ya wanafunzi wa Papa Emile, kaseti ambayo nilishaisikia ikikwaruza kwenye redio yake, sasa ilikuwa inatoka kwenye ule ua na unaweza kuwahesabu watoto mmoja mmoja. Watu walikuwa wamesimama milangoni kwao kusikiliza. Nilipunguza mwendo nikavaa viatu. Nilijivuna. Nilisema moyoni: Bienvenu, umechagua vizuri.

Kwaya ikaisha. Vigelegele. Kisha ile sauti ya Papa Emile kwenye mikrofoni, safi, karibu, ungedhani yuko begani kwangu.

"Majirani, munasikia? Hii sauti haiko ya moteur! Iko ya pano moja na batri moja! Tunamushukuru mukwe wetu, mwenye kuzipitisha mu mulango kwa mikono yake mwenyewe, mvua inamupiga. Gédéon!"

Nikasimama.

Jirani mmoja aliyeegemea ua wake akaniinulia mkono. "Laura amepata bwana," akaniambia kwa furaha.

Niliingia ule ua. Sebule ilikuwa imejaa, ukoo mzima. Bafle zangu zimesimama kila moja na kona yake, na ule mguu uliokosekana umewekewa kipande cha tofali. Kati yake, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, kiti cha mkwe, amekaa Gédéon. Nguo zinachuruzika maji. Mikono yake miwili imepakwa unga wa muhogo mpaka vifundoni.

"Toka hapo!" nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Bienvenu, ngoja," Mama Mado akainuka. Alikuwa karibu kulia. "Tuliona mutu anaingia, blanketi kwa kichwa, bafle kwa mabega. Nani angeona sura? Tulijua ni weye. Tukatoka na unga, tukaimba wimbo wa kupokea mukwe. Blanketi inatoka, wimbo umeisha."

"Basi imbeni tena! Mimi niko hapa!"

"Ule wimbo hauimbwi mara mbili kwa binti mumoja."

"Papa Emile!" Nikamgeukia mzee. "Huyu ni motard! Nimemulipa mimi! Bafle ni zangu, nimetoa godoro langu!"

"Godoro?" mtu akauliza nyuma.

"Godoro la nini?" mwingine akauliza.

Papa Emile aliweka mikrofoni chini taratibu. Hakuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Alikuwa na uso wa mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekosea noti ile ile mara mbili.

"Nilikuambia tunaangalia mukono. Nilikuambia mbele ya macho yako. Sikukuficha."

"Lakini mwambieni na yeye aseme! Gédéon, uliwaambia weye ni nani?"

"Niliwaambia," Gédéon akasema. "Nilisema mi ni motard."

"Alisema," Papa Emile akaitikia. "Mara moja. Nikamuuliza: basi unamukataa binti wetu mbele ya ukoo, ili tupanguse unga? Neno moja tu lingetosha. Akanyamaza."

Nilimtazama Gédéon. Kijana niliyekula naye, aliyebeba godoro langu kichwani.

"Kwa nini ulinyamaza?"

Alikuwa anaitazama mikono yake myeupe.

"Ya Bienvenu, ningesema ndiyo, ningesema uongo," akajibu.

Nilimrukia. Sifichi. Wanaume watatu walinishika, na katika purukushani bega langu likagonga bafle ya kushoto, ikayumba, na jamani, mnajua nilifanya nini? Niliacha kumpiga nikaidaka bafle. Niliishika kwa mikono miwili mpaka ikatulia kwenye tofali lake. Nilipoinua kichwa, Laura alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ananiangalia nimekumbatia bafle.

"Laura," nikasema, "waambie basi."

Aligeuza macho kwa mjomba wake.

"Laura, sema. Wanafanya mchezo na maisha yangu."

Papa Emile akanyoosha mkono kunizuia.

"Bila mikro hapana. Jina la Gédéon lilitoka kwa hizi bafle, mutaa wote ulisikia. Kama ni la kufutwa, litafutwa kwa hizi hizi bafle, na mutaa wote usikie. Si kwa mudomo yangu. Si kwa mudomo yako, Bienvenu. Laura, kamata mikro."

Laura akapangusa mikono kwenye kitenge chake. Akaja katikati ya sebule, akapita kati yangu na Gédéon bila kumgusa yeyote. Akaiokota mikrofoni. Nje watu walikuwa wamekwisha kunyamaza, hata wale wa ng'ambo ya njia.

Nilipiga hesabu haraka. Ni mpenzi wangu, atasema Bienvenu. Nimemtafutia bafle hizi kwa jasho, ameziona, amezisikia kwenye simu. Atasema Bienvenu, nao watatafuta wimbo mwingine, ukoo mzima hauwezi kukosa wimbo mwingine.

Aliinua mikrofoni mdomoni.

Bafle zile nilizichagua kwa sababu hazifichi kitu. Kabla hajatamka neno tulimsikia wote, sebuleni na barabarani, akivuta pumzi, ndefu, ikasimama kidogo juu. Na mimi peke yangu niliitambua. Ilikuwa ni ile ile ya kwenye simu, niliyoisikia nikiwa Salamabila, alipokuwa na neno, na mimi nikamwambia asikilize bafle kwanza. Hapo nikajua jina linalofuata si langu.